Kitabu cha Wale Waliovuka Barabara

Mwezi uliopita nilitia sahihi karatasi yangu ya mwisho ya kazi, ile tunayoiita remise-reprise, ambamo anayeondoka anamkabidhi anayeingia vitu vya ofisi. Yangu ilikuwa na ukurasa mmoja: meza moja, viti vitatu, kimoja kikiwa na mguu wa kuazima, na kabati moja yenye milango miwili isiyokubali kufunguka siku moja. Mwenzangu kijana aliyechukua nafasi yangu aliisoma, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu, akauliza: « Maman, ni hivi tu? » Nikamjibu ni hivyo tu. Nilipofika nyumbani Nyalukemba nikaona nimemdanganya. Haya ni yale ambayo hayakuingia kwenye karatasi.

Kazi yangu ilikuwa kuwasaidia wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, tunaowaita finalistes, kuchagua chuo na kitivo. Cheo changu kilikuwa na maneno marefu ya Kifaransa, watoto wakayafupisha wakaniita Maman Orientation. Kwa kuwa kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kifungua mimba wangu, ambaye ni Christian, aliishi utoto wake wote akiwa na mshindani.

Siku ya kwanza nilifika na viatu vya kisigino kirefu na diploma ndani ya bahasha. Aliyenipokea ni Papa Cirhuza, mzee aliyeifanya kazi hiyo kabla yangu. Alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu na alikwisha kuanza kustaafu kidogo kidogo. Alinipa mtihani wa kupima vipaji uliotoka Ulaya zamani sana. Mtoto aliangalia picha na kusema kinachokosekana. Kulikuwa na treni isiyo na gurudumu moja, mtu anayeteleza kwenye theluji na fimbo moja tu, na nyumba isiyo na bomba la moshi. Watoto wa Bukavu hawakuona kinachokosekana. Kwa hesabu ya mtihani huo, darasa zima halikufaa kusoma zaidi, isipokuwa mmoja ambaye alikuwa na mjomba Ubelgiji.

Papa Cirhuza aliniacha nihangaike nao wiki moja, kisha akasema: « Maman, acha mambo ya treni. Mutoto akiingia, umuulize kwanza ni nani alimutuma. »

Ndiyo shule niliyoipata kwake, na ilitosha. Hakuna mtoto anayechagua chuo peke yake. Nyuma yake kuna baba aliyetaka kuwa daktari, au mchungaji aliyeoteshwa ndoto, au shangazi anayelipa na ambaye, kwa sababu hiyo, anapenda sana sheria. Tangu hapo, kwenye fiche ya kila mtoto, karatasi ya habari zake, niliandika juu kabisa, kabla ya jina lake, jina la aliyemtuma. Nanyi mnaoanza kazi hii fanyeni hivyo. Mtakuta muda mwingi mnazungumza na mtu ambaye hayumo chumbani.

Vyuo navyo vilituletea vijitabu vyao vya karatasi ya kung'aa. Kila kimoja kilikuwa na msichana mwenye koti jeupe anayechungulia kwenye hadubini. Baada ya miaka michache niligundua kwamba hadubini ilikuwa ile ile katika vyuo vitatu. Nadhani ilikuwa na ratiba.

Nilivigawa vijitabu hivyo kwa imani mpaka siku msichana mmoja aliponirudishia chake mezani.

« Maman, humu ni benye kuuzisha njo banasema. Benye kuwa ndani banasema nini? »

Alitaka kusikia wanaosoma humo, si wanaouza; na mimi nikishindwa swali hukasirika kwanza. Nilimtoa nje. Kesho yake nilinunua daftari nene.

Kwetu, aliyefaulu chuoni hurudi kusalimia shule yake. Huja likizo ya Noeli akiwa na shati jipya, anapita ofisi kwa ofisi, na anataka kuulizwa anasoma nini. Nikaweka sheria: kabla ya kunywa chai yangu, utaandika ukurasa mmoja kuhusu kitivo chako. Uandike kile ambacho ungependa mtu angekuambia kabla hujaenda. Usitaje jina la profesa, usitaje lako. Walilalamika, wakaandika, wakanywa chai. Kwa miaka miwili daftari lilijaa, nikachagua kurasa, nikasahihisha Kifaransa, nikapeleka soko la Nyawera kwa mama mmoja mwenye mashine ya fotokopi nyuma ya kituo cha pikipiki. Alisoma kitabu chote kabla ya kukichapa. Alisema ni kizuri, ila hakina mapenzi ndani yake.

Kilikuwa na mengine. Mwanafunzi wa uchumi aliandika: « Profesa anatoka Kinshasa kwa ndege, anafundisha somo la mwaka mzima kwa siku sita, anarudi kwao. Usiugue wiki hiyo. » Mwingine: « Asiyenunua syllabus, yale maandishi ya somo, assistant wa profesa anayeyauza atamjua kwa jina. Si jambo zuri kujulikana. » Wa sheria alishauri kila mtu awe na tai moja, na asiiazimishe, kwa kuwa tai iliyoazimwa kabla ya mtihani wa mdomo haijawahi kurudi. Mmoja wa udaktari aliandika sentensi moja tu: « Mwambie mama yako usoni kwamba hutakuwepo kwenye harusi za ndugu. » Niliiacha ilivyo.

Wazazi walikiomba. Walimu wa shule nyingine walikiomba kwa siri. Mimi, niwe mkweli, nilivimba kichwa. Nilianza kusema « kitabu chetu kinasema » kwa sauti wanayotumia wachungaji kwa kitabu kingine. Hata wazazi wasiosoma Kifaransa niliwasomea kurasa za kitivo cha mtoto wao moja baada ya nyingine, nikiziweka kwa Kiswahili, ili mtu asiseme mtoto wake alichaguliwa kitivo na karatasi asiyoielewa. Desturi hiyo sikuiacha hadi mwisho.

Hapo ndipo alipokuja Nsimire. Alikuwa finaliste wetu, msichana mrefu, mkimya, wa kwanza darasani kwa hesabu, mzaliwa wa Luhwindja kwenye machimbo ya dhahabu. Kwenye fiche yake sehemu ya aliyemtuma alisema: « Hakuna. Ni mimi. » Alitaka kusoma jiolojia. Baba yake alichimba mawe maisha yake yote bila kujua yanaitwaje, na yeye alitaka kujua yanaitwaje.

Baba huyo, Papa Bisimwa, aliteremka mjini kunisikiliza. Alikaa kwenye kiti cha mguu wa kuazima bila kuegemea. Nilimsomea kurasa mbili za kitivo cha jiolojia cha chuo kimoja ambacho sitakitaja. Zote zilikubaliana: ni ngumu, lakini mtu akisoma anapita.

« Maman, mimi sikusoma, » alisema. « Ninajua shimo. Ninamupa mwaka moja. Akipita, aendelee. Akianguka, arudi Luhwindja, kule primaire banatafuta mwalimu. »

« Na kama ataanguka kidogo tu, Papa? »

« Mimi nikitoka mu shimo mukono mutupu, sisemi nilikosa kidogo. »

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nikaongeza, na maneno haya nayakumbuka vizuri kuliko ningependa, kwamba kitabu chetu hakijawahi kumpoteza mtoto.

Sasa niwaeleze jambo la Nyawera. Katika miaka yangu yote ya kazi, nilipokwenda sokoni niliwaona vijana niliowapeleka vyuoni ambao wakiniona walivuka barabara. Mmoja aliwahi kujificha nyuma ya mzigo wa makaa uliokuwa mgongoni mwa mtu mwingine, akatembea nao mpaka kona. Niliwahesabia utovu wa adabu. Nilisema nyumbani: tazama, umempa mtoto mwelekeo wa maisha, hata bonjour hakupi.

Mwaka mmoja baada ya Papa Bisimwa kuketi ofisini kwangu, nilimwona Nsimire kwenye meza za muhogo. Aliniona, akageuka, akavuka katikati ya pikipiki. Kwa kawaida ningenuna na kuendelea na safari yangu. Siku hiyo nilivuka pia. Dereva mmoja wa pikipiki aliniambia maneno ambayo mtu wa rika langu hapaswi kuambiwa.

« Nsimire! »

« Maman, unisamehe, niko na haraka. »

« Haraka ya wapi? Tangu pale unatazama fungu moja ya muhogo. »

Alisimama. Aliniambia ameanguka, na kwamba Jumamosi anapanda gari kurudi Luhwindja. Nikamuuliza kwa nini hakuja kuniona. Akanijibu bila hasira, na ningependelea hasira:

« Kitabu kilisema mutu akisoma anapita. Mimi nilisoma, sikupita. Basi nikajua ni mimi mwenye kuwa mujinga. »

Nilimkalisha kwenye benchi ya muuza chai, nikamtoa habari yote kipande kwa kipande. Maksi zake za hesabu zilikuwa nzuri. Za kemia nzuri. Kilichomwangusha ni safari. Katikati ya mwaka, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa jiolojia hupelekwa mlimani kusoma mawe, na maksi za safari hiyo ni nyingi kiasi kwamba asiyekwenda hapiti hata akiyajua mawe yote kwa majina ya ubatizo. Orodha ya wanaokwenda hubandikwa kwenye mlango wa assistant mmoja kwa siku mbili, katikati ya likizo ya Pasaka. Unaandika jina lako mwenyewe. Siku ya tatu karatasi inabanduliwa. Pasaka Nsimire alikuwa kwao Luhwindja, kama binti yeyote aliyelelewa vizuri. Waliokwenda kuwasalimia wazazi walianguka. Waliobaki mjini kwa uvivu walifaulu.

Nilimtafuta mmoja wa wale vijana wawili walioandika kurasa za jiolojia. Nyumba yao na chuo vilitenganishwa na ukuta mmoja tu. Aliona swali langu la ajabu.

« Ah, Maman, iyo liste? Si kila mutu anaijua? »

Nilirudi nyumbani, nikaweka kitabu changu mezani, nikaona aibu. Siyo ile aibu ya kusema kwa adabu. Niliona aibu hadi chakula kikanishinda. Kitabu kizima kilikuwa kimeandikwa na watu waliokuja kunywa chai, na chai walikunywa waliofaulu tu. Aliyeanguka hakurudi shuleni na shati jipya. Alivuka barabara. Yale yote ambayo kitabu hakikuyajua yalikuwa yananipita Nyawera kila Jumamosi upande wa pili, na mimi nilikuwa nanuna.

Kabla ya Jumamosi nilimkalisha Nsimire tena kwenye benchi ile, nikamwambia nitapanda Luhwindja mwenyewe nikamweleze Papa Bisimwa. Nsimire alikataa katakata. Alisema baba ametoa neno lake na yeye hataki kumpelekea avocat wa kumtetea. Ila alikubali kuniandikia ukurasa, kwa sharti kwamba sitamtaja jina kwa mtu yeyote. Niliahidi, na leo nalitaja kwa ruhusa yake. Aliuandika pale pale kwenye benchi, ukurasa mmoja na nusu, akanipa bila kunitazama. Jumamosi akaenda kufundisha darasa la tatu la msingi.

Miezi iliyofuata nilikuwa mwindaji. Nilivuka barabara kila nilipovukiwa. Nilimpata mmoja anaendesha pikipiki, mmoja anauza vocha, mmoja amekuwa shemasi na hakutaka kukumbushwa. Yule wa mzigo wa makaa nilimkuta kwenye duka la nguo. Mara hii hakuwa na pa kujificha. Wengi walidhani nimekuja kuwasema. Nilipowaambia nimekuja kuomba waandike, walinitazama kama mtu aliyepungukiwa akili. Walipoanza, hawakuacha. Mmoja alijaza kurasa tisa, na saba kati yake zilikuwa kuhusu mwenye nyumba aliyempangisha. Zilikuwa kurasa muhimu.

Mkuu wetu wa shule alipoona kitabu kipya alifunga mlango wa ofisi yake.

« Maman, bazazi batasema shule yetu inatoa bantu ba kuanguka. »

« Préfet, banaanguka kila mwaka. Mbele tulikuwa tunabanyamazia tu. »

Alifikiri, akasema nichape, lakini jina la shule lisiwe kubwa sana kwenye jalada. Nikalipunguza hadi akahitaji miwani kulisoma. Kurasa za walioanguka sikuzitenga. Niliziweka katikati ya zile za waliofaulu, bila alama, ili mtoto azisome zote kama habari za njia moja.

Mwaka uliofuata Papa Bisimwa aliingia tena ofisini, kofia kichwani, safari hii na mtoto wake wa pili, Nabintu, ambaye naye alikuwa finaliste wetu. Hakusubiri nimwonyeshe kiti, alikaa kile kile cha mguu wa kuazima.

« Uyu anataka vile vile mawe. Mimi nimekuja kusema hapana. Mukubwa wake alienda kuchezea mwaka wangu. Uyu umutafutie kitu ingine. »

« Nsimire hajambo? »

« Anafundisha. » Akaanza kupapasa ukingo wa meza. « Banasema anafundisha muzuri. »

Nilimwambia kwamba kabla ya hapana kuna desturi yangu, anaijua: ninasoma kurasa za kitivo, anasikiliza, halafu anasema hapana yake. Alikubali, kwa kuwa ni mtu wa utaratibu. Nikafungua kitabu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa ule wa zamani: ni ngumu lakini mtu anapita. Alitoa sauti puani. Wa pili ulikuwa wa Nsimire.

Niliuhariri mwenyewe, nilijua kilichomo neno kwa neno. Nilikuwa nimeahidi kutotaja jina. Sikuwa nimeahidi kutousoma. Sijui mpaka leo kama hiyo ni tofauti au ni ujanja, nanyi vijana mtajiamulia mtakapofikwa. Nilisoma, nikiuweka kwa Kiswahili taratibu.

« Nilifika na sanduku lenye kufuli mbili. Baba alisema moja ni ya mwizi wa kawaida, ya pili ni ya mwizi mwenye subira. Wenzangu walicheka, lakini mwaka mzima sikuibiwa hata sabuni. Leteni kufuli mbili. »

Papa Bisimwa aliacha kupapasa ukingo wa meza. Nabintu alianza kuangalia dirisha kwa nguvu zake zote.

« Syllabus ya kemia itafuteni mwezi wa kwanza. Kwenye hesabu msiogope. Lakini Pasaka msiende nyumbani, hata mkiitwa, kwa sababu orodha ya safari ya mlimani inabandikwa siku mbili tu na bila safari hampiti. Mimi nilikwenda kusalimia. Nilimkuta baba anakohoa kwa vumbi la shimo, hali kitu usiku wala mchana. Nilikuwa nimepanga kurudi mapema, nikabaki siku tatu zaidi nikimpikia uji mpaka akaweza kula. Niliporudi karatasi ilikuwa imebanduliwa. Baba sikumwambia. Angejua kwamba kilichoniangusha ni uji wake, na asingekula tena mkononi mwangu. »

Nilimaliza. Nje watoto wa mwaka wa kwanza walikuwa wanagombania mpira.

« Soma tena pale pa uji, » alisema Papa Bisimwa.

Nikasoma tena.

« Ni nani aliandika? »

« Papa, siruhusiwi kusema. »

« Njo vile. Usiseme. » Alivua kofia akaishika magotini. « Iyo fiche ya kuomba nafasi iko wapi? »

Nilisukuma mbele yake fiche ya Nabintu, ambayo nilikuwa nimeiandaa pasipo kumwambia mtu. Aliitazama, akaweka kiganja chake juu yake, kiganja cha mchimbaji, kikaifunika yote.

« Leta ingine, » alisema. « Bako babili. »

Sikuwa na nyingine mezani. Zilikuwa kabatini, hatua tatu tu kutoka pale. Nilikwenda kuitafuta ofisi ya jirani, na nilikaa huko muda wa kutosha, kwa sababu nilipokuwa natoka mzee alikwisha kuweka kofia usoni, na Nabintu alikuwa amegeukia dirisha, amemwacha baba yake atetemeke peke yake na kile kiti cha mguu wa kuazima.